Mzigo umekaa, mteja haji: namna ya kurudisha hela bila kuumia

Oda imelipwa, mzigo umefungwa, meseji imekwenda, na siku ya tisa boksi bado liko rafuni na simu ya mteja inaita tu bila kupokelewa. Siku ya kumi na mbili anaibuka, anataka hela yake yote, na anaitaka leo. Muuzaji asiye na utaratibu hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama anarudisha kila kitu kwa hasira ili yaishe, ama anang'ang'ania kila kitu kwa hoja kwamba mteja amejitakia. La kwanza linamla mtaji kidogo kidogo. La pili linamletea pingamizi la benki, yaani mteja anaiomba benki yake iyapinge malipo na kumrudishia hela, na huko mara nyingi anashindwa, kwa sababu swali la benki ni fupi: bidhaa ulimkabidhi au hukumkabidhi?

Msimamo unaobeba mwongozo huu wote ni huu: hela ya bidhaa ambayo hujaikabidhi ni deni lako kwa mteja. Unachoweza kukata ni gharama halisi uliyoingia kwa ajili ya oda ile, yenye risiti, na ambayo mteja aliambiwa kabla hajalipa. Kukata zaidi ya hapo ni kumtoza faini, na faini ndiyo inayoanzisha ugomvi.

Si kila kutochukua ni kumoja

Kabla ya kufungua kikokotoo, jua uko katika hali ipi, maana hela haikai mahali pamoja katika zote.

Mteja aliyelipa na kuahidi kuja mwenyewe dukani au stoo ndiye rahisi kuliko wote. Mzigo hujautoa, usafiri hujalipa, unachopoteza ni nafasi ya rafu na makato ya malipo. Huyu kumkata asilimia kumi "ya usumbufu" ni vigumu kulitetea mbele ya yeyote.

Mzigo uliopelekwa kituo cha kuchukulia au posta ukalala mpaka ukarudi una gharama za njia mbili, kwenda na kurudi. Ule uliofika mlangoni asipatikane mtu unafanana nao, ila hapa kuna jambo la ziada la kuchunguza: je, dereva alifika kweli? Na wa nne ni ule wa kulipia mzigo ukifika, ambapo mteja anakataa au anajificha. Huko hakuna hela ya kurudisha, kuna hasara tu, na dawa yake iko mwanzo wa biashara wala si mwisho. Tutaifikia.

Chunguza upande wako kwanza

Sehemu kubwa ya mizigo "isiyochukuliwa" haikuchukuliwa kwa sababu mteja hakujua kuwa iko tayari. Fungua rekodi ya safari ya mzigo usome mstari kwa mstari, usiishie kwenye neno la mwisho lililoandikwa "umerudishwa". Ukikuta "anwani haijitoshelezi", rudi kwenye lebo: namba ya nyumba iliachwa? Herufi ilikosewa wakati wa kunakili? Ukikuta "jaribio la kufikisha" lililoandikwa saa nne usiku, au majaribio mawili yaliyopishana dakika tano, hapo dereva alibonyeza tu simu yake akapita. Ukikuta mzigo ulisubiri kituoni siku saba na hakuna taarifa iliyotumwa, angalia namba ya simu iliyoingizwa kwenye mfumo wa msafirishaji. Tarakimu moja ikipotea, meseji zote zimekwenda kwa mtu mwingine.

Kwa vifurushi vya posta vya kimataifa, namba ya kufuatilia ina umbo lake: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka. Ukiona umempa mteja namba yenye tarakimu nane, hakuwa na njia ya kuufuatilia mzigo hata angetaka. Kosa dogo hilo, lakini katika pingamizi ndilo linalokuangusha.

Ukikuta kosa ni lako au la msafirishaji uliyemchagua wewe, usikate hata senti. Rudisha yote pamoja na usafiri, au mpe mteja nafasi ya kutumiwa tena kwa gharama yako. Madai yako kwa msafirishaji ni shauri lako na yeye. Mteja usimwingize humo.

Masharti yaandikwe kabla, na kwa maneno ya kawaida

Ukurasa wa masharti wenye aya thelathini hausomwi na mtu. Kinachokulinda ni mistari minne mitano inayoonekana pale pale anapobonyeza kulipa, na inayorudiwa kwenye meseji ya kuthibitisha oda. Lazima itaje mambo matano: siku ngapi mzigo utasubiri, siku hizo zinahesabiwa kuanzia lini, nini kitakatwa, hela itarudi kwa njia gani, na ndani ya siku ngapi. Mfano:

"Mzigo wako utasubiri siku 7, kuanzia siku tutakapokutumia meseji kwamba uko tayari. Usipochukuliwa ndani ya siku hizo, oda itafutwa na utarudishiwa hela uliyolipa, ikitolewa gharama halisi ya usafiri wa kwenda na kurudi. Hela itarudi kwa njia ile ile uliyolipia, ndani ya siku 5 za kazi baada ya mzigo kutufikia na kukaguliwa. Ukihitaji siku zaidi, tuambie kabla ya siku ya 7."

Angalia hapo kwenye "kuanzia siku tutakapokutumia meseji". Wauzaji wengi wanaandika "siku 7 baada ya oda", halafu mzigo wenyewe unachukua siku tano kuandaliwa. Mteja anabaki na siku mbili, na ukimfutia oda anakuwa na haki ya kulalamika. Neno "gharama halisi" nalo lina kazi: linakufunga usikate kwa kukadiria, na linakupa nguvu ya kuonyesha risiti.

Siku 7 si sheria. Kama unatumia kituo cha msafirishaji, muda wako usizidi ule anaoutoa yeye, la sivyo utamwahidi mteja siku ambazo kituo hakina. Chakula, maua na vitu vinavyoharibika vinahitaji saa, si siku. Andika waziwazi kwamba visipochukuliwa kufikia saa fulani vinatupwa na hela hairudi, na mfanye mteja akubali kwa kuweka tiki kabla ya kulipa. Vivyo hivyo kwa kitu kilichotengenezwa kwa oda maalumu, kwa mfano fulana yenye jina la mtu: huwezi kumuuzia mwingine, kwa hiyo chukua kianzio kinachofunika malighafi na kazi, na useme hakirudi.

Siku za kusubiri: nani anaambiwa nini, lini

Kukumbusha si hisani, ni ushahidi unaouandaa. Tumia njia mbili kila mara, meseji ya simu na barua pepe kwa mfano, kwa sababu moja ikishindwa nyingine itafika. Kwa muda wa siku 7, mpangilio unaotosha ni huu:

1. Siku ya 0: mzigo uko tayari. Taja namba ya oda, mahali, saa za kufungua na kufunga, cha kuja nacho, na tarehe kamili ya mwisho. Andika "mwisho ni tarehe 14", usiandike "ndani ya wiki".
2. Siku ya 3: ukumbusho mfupi, tarehe ile ile.
3. Siku ya 5: piga simu. Isipopokelewa, tuma meseji dakika hiyo hiyo: "Tumekupigia sasa hivi kuhusu oda namba 2207."
4. Siku ya 7 asubuhi: taarifa ya mwisho, ikitaja kiasi kitakachorudi endapo hatatokea.

Taarifa ya mwisho iwe na adabu na iwe na namba. Kitu kama: "Habari ndugu mteja. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kuchukua oda namba 2207. Kituo kinafungwa saa 12 jioni. Usipoweza kufika, unaweza kumtuma mtu akiwa na namba ya oda na msimbo tuliokutumia, au utuombe siku 3 zaidi kwa kujibu meseji hii. Tusipopata jibu, oda itafutwa kesho na makadirio ya hela yatakayorudi ni 910 kati ya 1,120 ulizolipa, baada ya kutoa usafiri. Kiasi kamili tutakithibitisha mzigo ukishatufikia."

Neno "makadirio" liache palepale. Mtandao wa kadi wa Visa una sababu ya pingamizi yenye namba 13.6, ya hela iliyoahidiwa isirudishwe. Ukishaandika "tutakurudishia 1,120" kisha ukarudisha 910, meseji yako mwenyewe imekuwa kielelezo cha upande wa pili.

Na katika siku hizo usiuze kile kitu. Kuna kishawishi kikubwa siku ya nne, mteja mwingine ana hela mkononi na huyu haji. Akitokea siku ya sita ukakosa cha kumpa, kosa limehamia kwako lote, na masharti yako hayana maana tena.

Kuomba muda ni jambo jema, mpe. Mara moja. Andika tarehe mpya, na useme kama kuna gharama ya kuhifadhi. Anayeomba mara ya tatu huwa anatafuta hela kwingine au ameshanunua pengine, na upole wako unamchelewesha tu kusema.

Mzigo ukirudi

Usirudishe hela kwa kuona tu neno "umerudi" kwenye mfumo. Subiri boksi lifike mkononi, kisha kabla ya kulifungua lipige picha pande zote sita, lebo isomeke. Lipime uzito. Kama lilitoka na kilo 1.8 na limerudi na kilo 1.1, usilifungue peke yako: mwite aliyelileta ashuhudie na asaini. Angalia utepe. Utepe uliobandikwa juu ya utepe maana yake boksi lilifunguliwa njiani. Rekodi video moja bila kukata, kuanzia lebo mpaka kilichomo ndani, namba ya toleo au ya mashine ikionekana.

Kitu kilichorudi bila kufunguliwa kinarudi rafuni. Ila usikiweke kwanza halafu ukaandika baadaye. Ingiza kwenye hesabu ya stoo palepale, na kama kina tarehe ya mwisho wa matumizi ikague upya, kwa sababu mwezi mmoja wa kuzunguka unaweza kuwa umekula muda uliobaki. Vitu vinavyoogopa joto, kama vipodozi vya mafuta au dawa za ngozi, vikikaa wiki mbili katika stoo ya msafirishaji huwezi kuviuza kama vipya hata kama boksi limefungwa vizuri. Hiyo ni hasara ya kuhesabu mapema unapopanga bei za bidhaa za aina hiyo.

Kikivunjika njiani wakati wa kurudi, mteja hahusiki. Dai kwa msafirishaji, na mteja arudishiwe kama kawaida.

Hesabu yenyewe

Tuseme bidhaa ni 1,000, usafiri wa kwenda 120, jumla mteja kalipa 1,120. Kampuni ya malipo inakata asilimia 3, yaani 33.60, kwa hiyo kwako ziliingia 1,086.40. Usafiri wa kurudi umekugharimu 90.

Ukirudisha yote 1,120: umelipa 120 na 90 za usafiri, na 33.60 za makato hazirudi. Hasara ni 243.60.

Ukitoa usafiri wa njia zote mbili: 1,120 toa 210, mteja anapata 910. Wewe ulipokea 1,086.40, umetoa 210 na 910, jumla 1,120. Bado umepungukiwa 33.60. Yale makato ya malipo ndiyo yanayosahaulika na wengi, wanadhani wametoka sawa kumbe kila oda hewa inawatoboa kidogo. Kampuni za malipo ya mtandaoni za PayPal na Stripe, kwa mfano, hazimrudishii muuzaji makato ya muamala wa mwanzo anaporudisha hela. Unaweza kuyataja makato hayo kwenye masharti na kuyakata, pale sheria inaporuhusu. Pengine ni busara zaidi kuyabeba mwenyewe na kuyatia ndani ya bei, kwa sababu mteja anaelewa haraka gharama ya usafiri, lakini makato ya kampuni asiyoijua anayaona kama ujanja.

Ukitangaza usafiri wa bure, uamuzi huu ulishaufanya tangu mwanzo. Mteja hakuona mahali popote kwamba kuna 120, hivyo kumkata baadaye kunahitaji sharti lililosema wazi: "usafiri ni bure kwa oda iliyopokelewa, oda isiyochukuliwa itakatwa gharama halisi ya usafiri." Bila mstari huo, kata wa kurudi tu, au usikate kitu.

Kukiwa na oda ya vitu vitatu, kimoja kimechukuliwa na viwili vimebaki, gawa usafiri kwa uwiano wa bei au wa uzito, chagua kimoja na ukifuate siku zote. Punguzo la oda nzima nalo ligawe hivyo hivyo. Mteja aliyenunua vitatu vya 500 kwa punguzo la asilimia 10 alilipa 450 kwa kila kimoja. Kurudisha 500 kwa kimoja ni kumpa 50 ambazo hakuzitoa.

Hela irudi ilikotoka

Hii ni kanuni isiyo na msamaha: aliyelipa kwa kadi anarudishiwa kwenye kadi, aliyelipa kwa simu anarudishiwa namba ile ile, na inapowezekana kupitia kitufe cha kurudisha kilicho ndani ya muamala wenyewe, si kwa kutuma upya kama mtu anayemtumia ndugu yake. Sababu ni utapeli mmoja wa kizamani unaofanya kazi mpaka leo. Mtu analipa kwa kadi ya wizi, hachukui mzigo kwa makusudi, kisha anaandika kwa unyenyekevu: "Ile kadi nimeifunga, naomba unirushie kwenye namba hii." Unarusha. Wiki tatu baadaye mwenye kadi halisi anapinga malipo, benki inachukua hela kwako mara ya pili. Mzigo unao, lakini hela umelipa mara mbili.

Akisema kadi imefungwa au imeisha muda, bado rudisha kwenye muamala ule ule. Kwa kawaida benki iliyotoa kadi huipeleka hela kwenye akaunti au kadi mpya ya mteja, au huirudisha kwako kama imeshindikana. Ikirudi kwako, hapo ndipo unatafuta njia nyingine, ukiwa na maandishi ya benki na uthibitisho kwamba jina la akaunti mpya ndilo la aliyelipa.

Kurudisha kupitia kadi huchukua siku kadhaa za kazi kuonekana kwa mteja, mara nyingi kati ya 5 na 10. Mwambie hivyo siku hiyo hiyo, la sivyo kesho yake atakuita mwizi. Akisema wiki mbili zimepita na hajaona kitu, iombe kampuni yako ya malipo namba ya rejea ya marejesho, ile ndefu yenye tarakimu 23, umpe aipeleke benki yake. Kwa namba hiyo benki inaweza kuitafuta hela yake. Kwa picha ya skrini yako haiwezi. Kama muamala bado haujakamilika upande wa benki, kuubatilisha ni bora kuliko kurudisha, kwa kuwa hela inaachiliwa tu na makato huwa madogo au hayapo.

PayPal inaruhusu kurudisha ndani ya muamala mpaka siku 180 baada ya malipo. Mteja wake naye ana siku 180 za kufungua lalamiko. Kwa Visa, dai la bidhaa isiyopokelewa, namba 13.1, kwa kawaida lina siku 120. Kwa hiyo oda uliyoinyamazia ukidhani imesahaulika inaweza kukurudia miezi minne baadaye.

Na kama pingamizi limeshafunguliwa, simama. Usirudishe hela pembeni. Wauzaji wenye nia njema huumia sana hapa: wanaona taarifa ya pingamizi, wanakimbilia kitufe cha kurudisha, mteja anapata hela mara mbili, na kuipata moja kurudi ni kazi ya miezi. Jibu ndani ya lile pingamizi. Ukiona mteja ana haki, likubali huko huko. Ukiona huna kosa, weka mezani masharti aliyoyakubali, meseji za siku ya 0, 3, 5 na 7, rekodi ya safari ya mzigo, na risiti ya usafiri.

Kwenye masoko ya mtandaoni fanya kila kitu ndani ya soko hilo, hata mteja akikubembeleza mmalizane inboksi. Chagua pia sababu sahihi unapofuta oda. Kwenye eBay, kufuta kwa kusema bidhaa imeisha au imeharibika kunahesabiwa kama kasoro ya muuzaji. Wengi huichagua kwa sababu ndiyo ya kwanza kuonekana, kisha wanashangaa daraja lao linashuka.

Kulipia mzigo ukifika

Hapa huna hela ya kukatia. Kwa mfano wetu, mteja akikataa mzigo unapoteza 210 kamili. Oda 20 zikitoka na 3 zikakataliwa, ni 630, na zile 17 zilizolipwa inabidi kila moja ibebe takriban 37. Kama faida yako kwa kimoja ni 150, kukataliwa kumoja kumeshakula faida ya mauzo zaidi ya moja.

Dawa ni kianzio kinacholingana na usafiri wa njia mbili, yaani 210, kinacholipwa kabla mzigo haujatoka na kinachotolewa kwenye bei anapopokea. Usikiite "ada", kiite kianzio, na ueleze kwamba akipokea hakimgharimu chochote. Atakayekimbia kwa sababu hiyo, mara nyingi ndiye asingepokea. Kwa asiyetaka kianzio, mpigie simu asubuhi ya siku mzigo unatoka, akithibitisha ndipo dereva aondoke. Weka pia orodha ya namba zilizokataa mara mbili; hao wauzie kwa malipo ya kwanza tu, bila maneno makali.

Mizigo ya nje ya nchi

Kinachowakimbiza wateja wa nje mara nyingi ni ushuru wa forodha wasioutarajia. Waambie kabla hawajalipa nani anaubeba. Unapojaza fomu ya kifurushi cha posta cha kimataifa, kuna sehemu ya kuelekeza kifanyweje kisipopokelewa: kirudishwe mara moja, kirudishwe baada ya siku fulani, au kihesabiwe kimeachwa. Usiiache tupu. Kwa kitu cha 200 ambacho kurudi kwake ni 350, kukiacha ni nafuu, ilimradi umeliweka hilo kwenye masharti na kwenye hesabu. Tunza nakala za karatasi za kusafirisha nje, kwa sababu bila hizo forodha ya kwenu inaweza kuitoza bidhaa yako mwenyewe kama vile unaiagiza.

Ukimuuzia mtu wa kawaida aliye katika Umoja wa Ulaya, sheria ya huko ya haki za wateja, Maelekezo 2011/83/EU, inampa siku 14 baada ya kupokea bidhaa za kughairi bila sababu, na anaweza kughairi hata kabla haijamfikia. Akighairi, unarudisha bei pamoja na usafiri wa kawaida wa kwenda, ndani ya siku 14 tangu akujulishe, ingawa unaweza kuizuia hela mpaka mzigo urudi au aonyeshe ameutuma. Usafiri wa kurudi unaweza kuwa juu yake kama ulimwambia. Ila kughairi kunataka tamko la wazi. Kukaa kimya tu na kuuacha mzigo posta hakutoshi. Kwa hiyo maandishi yake "siutaki tena" yanabadilisha hesabu yako: akiyaandika ndani ya muda, ile 120 ya kwenda huikati.

Asiyepatikana kabisa, na vitabu vyako

Kuna anayelipa, asije, asijibu, asidai. Hela yake si faida. Muda ukiisha na mzigo ukiwa kwako, rudisha kwenye muamala wa mwanzo bila kusubiri aombe, na mtumie taarifa. Ukichelewa mpaka njia ya kurudisha ifungwe, iandike kama deni kwa jina lake na iache hapo. Kumpa salio la kununulia badala ya hela ni sawa akichagua yeye. Kumlazimisha si sawa.

Ankara usiifute. Toa hati ya marejesho inayotaja namba ya ankara ile, kiasi kilichorudi, na kilichokatwa kikiwa mstari wake peke yake ulioandikwa "usafiri wa oda isiyochukuliwa". Kodi ya ongezeko la thamani uliyoihesabu kwenye mauzo hurekebishwa kupitia hati hiyo. Ukifuta ankara, namba zinaruka, na mkaguzi hupenda sana kuuliza kuhusu namba zilizoruka.

Makabidhiano nayo yanahitaji daftari: namba ya oda, jina la aliyechukua, msimbo aliotoa, saa, saini. Kwa sababu kuna siku mteja atasema hakuchukua, kumbe alimtuma mdogo wake na hajaambiwa.

Akirudi baada ya kurudishiwa hela, akitaka kitu kile kile kwa bei ile ile, hiyo ni oda mpya. Bei ni ya leo, masharti ni ya leo, na analipa kwanza.